Nimekwenda, Nimerudi

Lammassaari, 9 Novemba

Mwanangu Sampsa,

Salamu kwanza, maana marehemu bibi yako angefufuka kunikemea nikianza na ugomvi. Mimi mzima. Goti tu ndilo linaloniarifu kabla ya redio kwamba baridi inakuja. Mbwa amezeeka kuliko mimi, analala mchana kutwa na usiku anakoroma. Bomba la moshi la sauna ya jirani yangu Airi limepasuka, kwa hiyo sasa kila Jumamosi anakuja kuoga kwangu na umbeya wake wote, na mimi namkaribisha, kwani bila umbeya kisiwa hiki ni mwamba mtupu. Mkeo Henna hajambo? Mwambie Aamu bibi yake wa kisiwani amemfumia soksi, na asipozivaa nitapata habari.

Za baba yako sizijui. Taa ya jikoni kwake naiona ng'ambo ya ziwa ikiwaka kila alfajiri, basi yu hai.

Sasa jambo lenyewe. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nimewaandikia watu wa Railo, huo mtandao wenu wa habari za barafu, humo humo mpaka nimechoka, na kila mara hunijibu mtu anayejiita Pirkko. Pirkko anafurahi sana kunisikia. Pirkko anazielewa hisia zangu. Nikamuuliza Pirkko mama yake anaitwa nani, akaniletea bei za vifurushi. Ndipo nilipojua naongea na mashine.

Unakumbuka Railo ilivyoanza. Ulikuwa mwanafunzi, umekaa kwenye meza yangu ya jikoni na kompyuta yako, unakula dagaa wangu wa kukaanga kwa siagi kama mtu aliyetoka kifungoni. Ukaniambia, "Shangazi, kila asubuhi unakwenda kupima barafu. Kwa nini usiwaandikie watu wote?" Nikaandika. Wengine wakaandika, kila kisiwa na mtu wake, na hakuna aliyelipwa hata kikombe cha kahawa. Mtu akiamka anafungua simu, anaona: leo, mahali fulani, unene kadhaa, na jina la aliyetoboa tundu. Mimi nilimalizia hivyo hivyo siku zote: Nimekwenda, nimerudi. Maana mtu akitaka kuvuka, hilo ndilo analotaka kujua.

Siku hizi nikifungua naona kwanza tangazo la pikipiki za theluji, halafu picha ya machweo aliyopiga mtalii, halafu habari ya barafu ya msimu uliopita, eti kwa sababu ilipata mioyo mingi. Yangu ya leo iko chini huko, aitafutaye na apige magoti. Na anayetaka ya leo imjie juu, alipe. Nani aliwaambia barafu inapimwa kwa kupendwa? Barafu ya jana ni ya jana, hata ingependwa na taifa zima.

Siombi makubwa. Irudisheni habari ya leo juu, kwa kila mtu, bure kama zamani. Ghuba imeanza kuganda, ziwa zima litafuata kabla ya Krismasi, na mwaka huu nina hofu.

Shangazi yako,
Tellervo


Helsinki, 25 Novemba

Shangazi mpendwa,

Barua yako imefika na harufu ya jikoni kwako, nikaisoma nimesimama mlangoni na koti mwilini. Sisi hatujambo. Aamu amepoteza jino la mbele na anajiona mtu mzima. Soksi amezivaa mpaka kitandani. Henna anakusalimu, anauliza kama mwaka huu umetengeneza jamu ya beri, na kama imebaki.

Baba nilimpigia Jumapili. Hajambo, nyonga tu. Aliniambia na wewe hujambo, kwa sababu alisoma ulichoandika kuhusu ghuba. Alinikataza nisikwambie, lakini nakwambia: hakuna asubuhi asiyokusoma, Shangazi. Anatengeneza kahawa, anavaa miwani, anakusoma, ndipo anakunywa. Mngezungumza tu, mngeniondolea kazi ya kuwa posta.

Kuhusu Railo, hoja yako nimeifikisha mkutanoni na ilisikilizwa. Lakini na wewe nielewe. Mimi niliianzisha, ndiyo, ila ilikuwa inakufa mikononi mwangu, watu wamekuwa wengi kuliko mitambo niliyoweza kuilipia. Kampuni ilipoinunua ikanichukua na mimi, na kampuni si kanisa. Lazima kitu kiingie. Suala la kupanga habari kwa tarehe linaangaliwa. Kwa sasa nitakulipia kifurushi wewe na baba, mtaona habari za leo bila shida. Tafadhali usikatae kwa ukaidi.

Akupendaye,
Sampsa


Lammassaari, 8 Desemba

Sampsa,

Salamu. Mimi mzima, mbwa mzima, jamu ipo. Airi ameteleza kwenye ngazi zangu na sasa ana alama ya bluu kubwa ambayo anamwonyesha kila mtu bila kuombwa.

Kifurushi chako sikitaki. Mimi nione, na mwenye duka asione? Na vijana wanaokuja kuteleza kutoka mjini wasione? Ukisema linaangaliwa, nani analiangalia, na anatumia jicho gani?

Ngoja nikukumbushe jambo ulilolijua kabla hujajua kusoma. Anayefungua njia kwenye barafu hupanda matawi ya msonobari kila baada ya hatua kadhaa, ili watu waifuate hata kwenye ukungu. Aliyeyapanda ndiye anayeyajibia mpaka masika. Barafu ikiharibika, anayang'oa na kuyalaza kukingama njia, huku na ng'ambo. Tawi limelala, njia imefungwa. Hakuna mtu wa ziwa hili atakayevuka tawi lililolala, hata awe amelewa. Na mimi nayafunga kwa kamba nyekundu, fundo la babu yako, watu wajue ni nani wa kumlaumu. Wewe na kampuni yako mmepanda matawi mahali pote, kisha mkaenda zenu.

Baba yako alisimama kwenye ukumbi wa kijiji, mbele ya watu wote waliokuwa wameijaza Railo kwa mikono yao, akasema kijana lazima ale, mwacheni auze. Nami nilimjibu maneno ambayo siyarudii hapa. Tangu siku hiyo hatujasemezana, na miaka miwili sasa inakatika. Sikukuandikia haya ili unihurumie, nimekuandikia ujue kwamba nilikuwa na haki.

Basi leo nimefunga. Airi amenisaidia kubonyeza, nimelitoa jina langu Railo, na wapimaji wenzangu wa visiwa vingine wametoka nami, wote. Tutaandika kwa chaki kwenye ubao wa duka na tutapanda matawi, kama zamani. Mwambie baba yako mwenyewe kwamba simwandikii tena, asije akangoja kahawa ikapoa.

Tellervo


Helsinki, 18 Desemba

Shangazi mpendwa,

Heri ya Krismasi mapema, maana posta yenu na barafu hii nyembamba sijui itafika lini. Sisi tutabaki mjini, Henna ana zamu. Aamu ameimba kwenye shule yake wimbo mzima bila kusahau, nikatokwa na machozi mbele ya wazazi wenzangu.

Nilisikitika kuona umetoka, lakini nimekuelewa. Nataka tu usiubebe mzigo wa lawama. Usidhani umewaacha watu gizani: habari za asubuhi zinaendelea kutoka kama kawaida, kampuni imeweka utaratibu. Kwa kweli watu hawajaona pengo lolote.

Baba sijamwambia kwamba umetoka. Nilipiga, akawa anasema amefurahi, akasema anafikiria kuvuka mkesha wa Krismasi kuwasha mshumaa kwenye kaburi la bibi, kama zamani. Sikutaka kumvuruga. Huenda ni mwanzo mwema kati yenu.

Akupendaye,
Sampsa


Lammassaari, 30 Desemba

Sampsa,

Barua yako ya tarehe kumi na nane imefika leo, boti ya posta ilishindwa kuvunja barafu na haikuweza kupita juu yake. Nimeisoma mpaka pale uliposema watu hawajaona pengo, nikaiweka mezani, nikatoka nje.

Simu ya hospitali uliipata, najua. Sasa pata na habari yangu, mimi niliyekuwepo.

Mvua ilinyesha juu ya barafu siku mbili. Nilikwenda na keekee ya kutobolea barafu mpaka pale ziwa linapobanwa, kwenye mkondo, na maji yakachuruzika tunduni kabla sijafika kina cha kiganja. Nikang'oa matawi, nikayalaza, upande wangu na upande wa baba yako, nimezunguka ghuba nzima kwa miguu yangu mibovu, kwenye barafu ya kandokando iliyobaki imara, ili niyalaze upande wake. Mkesha wa Krismasi asubuhi mbwa alianza kubweka, yule asiyebweka. Airi alikuwa kwangu. Tukamwona baba yako Reino katikati ya mkondo, kiunoni ndani ya maji, sleji yake ya kutelezea barafuni kwa kusukuma na mguu imeshazama. Ile misumari miwili aliyoivaa shingoni tangu utoto ndiyo iliyomtoa, aliichomeka kwenye barafu na kujivuta nje kama sili. Tukamfikia kwa ngazi, tumelala kifudifudi, mimi mbele na Airi kanishika miguu. Alikuwa amekumbatia mfuko wa mshumaa.

Tulipomtoa alinitazama. Miaka miwili hajanisemesha, na neno lake la kwanza ni hili: "Umenifungia njia kwa mkono, ukaniita kwa simu. Ulikuwa unataka nini, Tellervo?"

Nikadhani ni baridi imempanda kichwani. Airi ndiye aliyenionyesha baadaye, kwenye simu yake. Railo, alfajiri ya siku ile, picha yangu ya kofia ya kijani, jina langu. "Barafu nzuri kwenye mkondo, inabeba mtu bila wasiwasi. Krismasi imefika, karibuni kwetu. Nimekwenda, nimerudi." Na moyo mmoja chini yake, wa Reino.

Sikuandika neno hata moja kati ya hayo. Nilikuwa nimekwisha kujitoa, na wewe ulijua nimejitoa.

Nani ameandika, Sampsa?

Shangazi yako


Helsinki, 16 Januari

Shangazi,

Natumaini unaendelea vizuri, na Airi pia, nawashukuru nyote wawili kwa mlichofanya. Nilikwenda hospitali kumwona baba. Madaktari wanasema mapafu yameshambuliwa na kwa umri wake itachukua muda. Anazungumza kidogo. Aamu amemchorea samaki.

Kuhusu ulichouliza, nimeelekezwa na wanasheria wa kampuni nisiandike wala nisiseme lolote na mtu yeyote, hata wa familia, mpaka uchunguzi wa ndani utakapokwisha. Nasikitika kwa yote yaliyotokea. Nakuomba usilichukue hili vibaya.

Sampsa


Lammassaari, 6 Februari

Sampsa,

Salamu zako za kiwanasheria zimefika. Mimi mzima kwa nje.

Ziwa sasa limeganda sawasawa, malori yanapita. Nilivuka nikachukua basi mpaka hospitali. Nilimpelekea baba yako mkate mweusi na jamu. Aliponiona aligeukia ukuta. Nikakaa. Nikamwambia mgongo wake kwamba si mimi niliyeandika. Muuguzi, binti mwenye adabu, akaniomba nitoke kwa sababu mgonjwa anahangaika. Nilifika kituo cha basi ndipo nikalia, kwa sababu pale hapakuwa na mtu.

Mpwa wake Airi anafanya usafi wodi ile. Amesema wewe umekuja mara mbili, ukakaa kwenye kiti, ukamshika mkono, ukazungumzia hali ya hewa, ukaondoka. Mara mbili, Sampsa.

Ile habari ya uongo bado iko. Tena iko juu kabisa, juu ya zote. Unajua kwa nini? Gazeti la hapa liliandika kwamba Reino amezama, na watu wema wakaingia Railo wakaitafuta, na kila anayemhurumia anabonyeza moyo. Ugua pole, Reino, moyo. Mungu akulinde, moyo. Kila moyo unaipandisha. Mgeni akifungua leo, cha kwanza anachokiona ni jina langu likimkaribisha kwenye mkondo. Nimemwandikia Pirkko. Pirkko amenipongeza kwa kupendwa na wengi.

Nami swali langu nimelijibu mwenyewe. Masika yaliyopita ulinipigia, ukaniuliza kama mnaweza kuzitunza habari zangu zote za zamani zisipotee. Nikasema tunzeni, nikidhani unataka kumbukumbu. Mkailisha mashine, ikajifunza kusema kama mimi, ikamaliza kama mimi. Na aliyejua kwamba watu wa ziwa hili hawaamini barafu mpaka waone jina la mtu, ni mmoja tu katika kampuni yenu, maana wengine hata mkondo hawajauona. Nimeliwaza kila upande, na kila mara linarudi kwako.

Sitaki uniombe msamaha, sina pa kuuweka. Nataka kitu kimoja. Nenda kwa baba yako umwambie kwamba si mimi. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia, kwa sababu yeye alikutetea wewe ukumbini mpaka akanipoteza mimi. Akifa akiamini kwamba dada yake alimwita kwenye maji, nitakaa na hilo kila asubuhi nitakayotazama dirisha lake lenye giza.

Tellervo


Lammassaari, 2 Machi

Sampsa,

Barua yangu haikupotea, posta yetu inaaminika kuliko wewe. Homa ya baba yako imerudi, mpwa wa Airi ametuambia.

Jana watelezaji wawili wa mbali waliingia dukani kuulizia njia ya mkondo. Jua limeanza kula barafu pale. Walikuwa wameona jina langu, wakasema, "Mama Tellervo anasema ni salama." Nilikuwa nimesimama karibu yao, nanunua chachu. Nimewaonyesha ubao, nimewaonyesha matawi, bado walikuwa wananitazama mimi na simu, mimi na simu, wasijue wamwamini yupi.

Mficha maradhi, mwanangu. Unaujua mwisho wake.

T.


Mikkeli, 21 Machi

Shangazi,

Nakuandikia kutoka kwenye chumba cha kungojea hapa hospitali, karatasi nimepewa na yule binti muuguzi. Henna na Aamu wako kwa mama mkwe. Baba amelala, anapumua mwenyewe. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo utakalolitafuta kwanza.

Barua yako ya Februari ilikaa mfukoni mwangu wiki nyingi. Niliisoma kazini, chooni, nimefunga mlango. Yote uliyoyaandika ni kweli na sina la kuongeza. Ile ya Machi ilipofika, nilikwenda kwa mkuu wangu nikamwambia habari ile itolewe leo. Akasema anaelewa, lakini hakuna ukurasa unaofunguliwa na watu wengi kama ule, tusubiri msimu uishe. Alisema hivyo kwa upole, huku anakula saladi. Nikamwambia kuna mtu atakufa. Akasema ndiyo maana kuna onyo chini ya ukurasa.

Nilirudi mezani kwangu. Nywila za zamani nilikuwa nazo, kile kitu nilikijenga mimi. Nikaitoa ile habari. Kisha nikatoa zako zote, na za wapimaji wenzako wote, kisiwa baada ya kisiwa, na ile mashine nikaikatia chakula. Asubuhi kadi yangu haikufungua mlango. Sasa nina barua ya wanasheria, nene. Henna amesema tutaona, akaniwekea mikate ya njiani. Sikutaka kukuandikia kabla sijafanya ulilonituma, kwa hiyo nikapanda treni kuja hapa.

Baba alikuwa ameketi, ana mto mgongoni. Nikamwambia bila kuzunguka. "Baba, si Shangazi aliyeandika. Ni mashine ya kampuni, na jina la Shangazi niliwapa mimi."

Aliuvuta mto akaegemea vizuri. Halafu akasema, "Kwani unadhani sikujua?"

Nikamwambia sielewi.

"Kijana, huyo ni dada yangu. Tangu nizaliwe hajawahi kumwandikia mtu neno 'karibu'. Anaandika sentimita, basi. Nilisimama pale kwenye matawi. Kamba nyekundu, fundo la baba yetu, limekazwa kwa hasira zake zile. Nikasema, huyu ndiye Tellervo, amefunga. Nikaisoma simu tena. Nikasema, huyu siye. Halafu nikaisoma tena."

"Na ukavuka?"

"Nilitaka awe ni yeye," alisema.

Nikamuuliza mbona basi alikulaumu, mbona alikugeuzia mgongo ulipokuja na mkate. Alihangaika na blanketi. Kisha akasema, "Kwa sababu nilijua atasema si yeye. Na kama si yeye, Sampsa, basi hakuna aliyeniita."

Ndivyo alivyosema, nimekuandikia neno kwa neno kabla sijasahau. Baada ya hapo aliomba mkate wako. Nilimwambia wa Februari umeshakwisha, wauguzi waliula. Akasema basi wezi.

Wanatarajia kumruhusu arudi nyumbani mwezi wa tano, akiendelea hivi. Mimi nitakaa naye, kazi sina. Sijui kama mlango wako uko wazi kwangu, na sitaki kuuliza katika barua hii.

Sampsa


Lammassaari, 4 Mei

Mwanangu Sampsa,

Salamu kwako, kwa Henna na kwa mwenye pengo la jino, ambaye nasikia jino lake limeshaota. Airi amejenga bomba jipya la moshi lakini bado anakuja kwangu kila Jumamosi, anasema maji ya kwangu ni laini, na sote tunajua ni uongo. Mbwa amekufa wiki ya Pasaka, usingizini, nimemzika nyuma ya sauna. Ubao wa duka umefutwa, hakuna cha kuandika, barafu imeondoka juzi kwa upepo wa kusini. Watu wanauliza kama msimu ujao utatutengenezea kitu kingine kwenye meza yangu ya jikoni. Nimewaambia waje wakuulize wenyewe, na kwamba safari hii ufunguo utakaa kwangu.

Jana niliteremsha boti nikapita mkondo mpaka gati la baba yako, kuangalia mawe yaliyosogezwa na barafu. Maji yako wazi, hakuna gogo. Matawi yote nimeyaokota, ya upande wangu na ya upande wake, nimeyachoma.

Taa ya jikoni nimeiona leo alfajiri. Kwa hiyo mmeshafika.

Karatasi ya pili iliyomo humu si yako. Mpe baba yako, na kama miwani yake haionekani, msomee.


Reino, mdogo wangu,

Mkate umo tanuruni na kahawa nimesaga. Jumapili njoo na kijana, tukamwashie mama ule mshumaa. Nimekwenda, nimerudi.

Karibu. Hili nimeliandika mwenyewe, kwa mkono wangu.

Tellervo